Wimbo wa Desemba: Slade na Kiitikio Kisichochakaa



Jioni ya leo nataka tuuchunguze wimbo mmoja tu. Ni wimbo wa sherehe, hauzidi dakika nne, na ulitungwa na vijana wawili kutoka miji ya viwanda ya Uingereza. Unaitwa "Merry Xmas Everybody", wa bendi ya Slade. Ulitoka tarehe 7 Desemba 1973. Wiki iliyofuata uliingia kwenye chati ya Uingereza moja kwa moja katika nafasi ya kwanza, ukakaa hapo majuma matano, mpaka katikati ya Januari, Krismasi yenyewe ikiwa imeshapita na watu wamerudi makazini. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Tangu hapo, kila mwaka Novemba ikiisha, wimbo huo unarudi madukani, kwenye baa, redioni, kwenye karamu za ofisi. Ndugu zetu waishio London na Leicester wanaufahamu hata wale wasiojua jina la bendi, kwa kuwa unawapokea katika kila duka wanaloingia.

Wapo wanaosema sababu iko wazi: Krismasi inarudi kila mwaka, basi na wimbo wake unarudi nayo. Hoja hiyo hainitoshi. Kalenda inazifungulia mlango nyimbo zote za Krismasi kwa usawa, na zimerekodiwa maelfu kwa maelfu. Zinazoombwa na watu ni chache mno, na nyingine hazikupata hata Desemba ya pili. Kwa hiyo kalenda inaeleza wimbo unasikika lini. Kwa nini watu wanautaka, hilo haliwezi kulieleza. Maoni yangu, nitakayoyatetea jioni hii, ni kwamba wimbo huu umedumu kwa sababu tangu mwanzo ulijengwa ili uimbwe na watu wasiojua kuimba.

Tuanze na zama zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulizuka Uingereza muziki ulioitwa glam roki. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa Machi 1971, Marc Bolan wa T. Rex alipotokea kwenye kipindi cha BBC kiitwacho Top of the Pops akiwa amevaa satini, na chini ya macho amepaka vimetameta. Mwaka uliofuata David Bowie alitokea kwenye kipindi hichohicho na nywele nyekundu, na vijana wengi wa nchi ile wanasema usiku huo uliwageuza. Televisheni ya rangi ilikuwa ndiyo kwanza inaenea. BBC1 na ITV zilianza kurusha rangi mwishoni mwa 1969. Muziki ule ulihitaji kuonekana. Viatu vyake vilikuwa vile ambavyo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wa enzi hizo waliviita raizoni, na suruali zake zilikuwa bugaluu. Mtoto wetu mmoja naye alikuwa humo: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Bendi yake ya Queen ilitoa albamu ya kwanza Julai 1973, na mwisho wa mwaka huo ilikuwa bado inafungua maonyesho ya bendi nyingine, Mott the Hoople. Wakati Mercury anasubiri zamu yake, waliokuwa juu kabisa ni Slade.

Slade walikuwa wanne. Noddy Holder aliimba na kupiga gita. Alikuwa mtoto wa msafisha madirisha wa Walsall. Jim Lea alipiga besi, na ndiye aliyekuwa na elimu ya muziki zaidi kwani alijifunza fidla tangu utotoni. Dave Hill alipiga gita la solo na kuvaa mavazi ya ajabu kuliko wenzake wote. Don Powell alipiga ngoma. Walitoka sehemu ya katikati ya Uingereza iitwayo Black Country, nchi ya makaa ya mawe na vyuma. Meneja na mtayarishaji wao, Chas Chandler, alikuwa mpiga besi wa The Animals, na ndiye aliyempeleka Jimi Hendrix London mwaka 1966. Chandler alijua kitu kimoja kuhusu Slade ambacho wengine hawakukiona upesi: nguvu yao ilikuwa ukumbini, mbele ya watu. Ndiyo maana santuri zao zimejaa makofi, vishindo vya miguu na sauti za umati. Hata majina ya nyimbo waliyaandika kama yanavyotamkwa na watu wa kwao, bila kujali tahajia. "Cum On Feel the Noize", ya Februari 1973, iliingia chati katika nafasi ya kwanza wiki yake ya kwanza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu The Beatles na "Get Back" mwaka 1969. Walimu walinung'unika juu ya tahajia ile. Wanafunzi wao walinunua.

Tarehe 1 Julai 1973 Slade walijaza ukumbi wa Earls Court, London. Siku tatu baadaye Don Powell alipata ajali ya gari huko Wolverhampton. Mchumba wake alifariki. Powell mwenyewe alilala siku kadhaa bila fahamu, na alipozinduka alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa na kuonja, na kumbukumbu yake ya mambo ya karibuni ilikuwa imevurugika. Aliweza kupiga ngoma, kwa sababu mikono haikusahau, lakini wimbo ulipoanza hakukumbuka unakwendaje. Ilibidi wenzake wamwelekeze. Tunapousikia mdundo ule wa furaha, tukumbuke kwamba aliyeupiga alikuwa mtu aliyefiwa na aliyejeruhiwa kichwani, ambaye hakuwa na hakika kama ataweza tena kazi yake. Mimi siwezi kuusikiliza bila kumfikiria.

Wiki chache baada ya ajali hiyo walikuwa New York, katika studio ya Record Plant. Ilikuwa ni majira ya joto kali. Waliingia studio kurekodi wimbo wa baridi na theluji.

Wimbo wenyewe ulitokana na vipande viwili vilivyokuwa vimelala. Mwaka 1967 Holder alikuwa ametunga wimbo juu ya kiti cha kubembea; wenzake hawakuupenda, ukawekwa kando. Miaka sita baadaye Jim Lea alikuwa ameshawishiwa na watu wa familia yake atunge wimbo wa Krismasi, kwa hoja kwamba wimbo wa namna hiyo huuzwa upya kila mwaka. Alipata melodia ya beti, kisha akakikumbuka kiitikio cha ule wimbo wa zamani wa Holder, akaviunganisha. Holder naye aliandika maneno mapya kwa usiku mmoja tu, nyumbani kwa wazazi wake Walsall, akitoka baa. Bendi ilikuwa na desturi ya kurekodi wote kwa pamoja, kama wako jukwaani. Safari hii hawakuweza, kwa sababu ya hali ya Powell, hivyo wakajenga wimbo tabaka kwa tabaka, chombo kimoja baada ya kingine.

Na hapa ndipo palipo na utamu wa habari hii. Humo studioni mlikuwa na harmoniamu, kinanda cha viriba vya hewa. John Lennon alikuwa akirekodi albamu yake ya "Mind Games" katika studio hiyohiyo, na harmoniamu hiyo ndiyo aliyokuwa akiitumia. Slade wakaiazima. Ndiyo inayosikika mwanzoni kabisa, kabla ya gita. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa na Lamu hawahitaji kuelezwa sauti hiyo ina nini: inavuta pumzi kama mtu, na papo hapo inakupeleka nyumbani. Kisha ikafika zamu ya kiitikio. Chandler na vijana wake waliona chumba cha studio kinatoa sauti kavu mno. Walitaka mwangwi, sauti ya watu wengi mahali pakubwa. Wakatoka kwenye korido ya jengo, wakaimba huko. Fikirieni watu wa ofisi za New York, katika joto lile, wakipita na mafaili yao mkononi, wakikuta Waingereza wenye nywele ndefu wanapaza sauti kuitangaza Krismasi.

Naomba tusiipite korido hiyo haraka, maana ndiyo ninayoisimamia hoja yangu. Kiitikio cha wimbo huu kilirekodiwa nje ya chumba cha wataalamu, mahali pa kupita watu, na sauti ya mahali hapo imebaki ndani yake. Ukikisikiliza kwa makini, sauti ya kiongozi haisimami mbele ya nyingine kwa umbali mkubwa. Zote ziko bega kwa bega. Mstari wake hauhitaji pumzi ndefu wala koo la mwimbaji. Katikati yake gita linapiga hatua moja pembeni, nje ya ufunguo wa wimbo, halafu linarudi; ni ujanja mdogo wa Lea na Holder unaoifanya melodia nyepesi isichoshe hata ukiisikia mara ya elfu. Sehemu ngumu, yaani beti, wamempa Holder peke yake. Sehemu ya watu wote wameifanya iwe ya watu wote kweli. Hata kelele ile maarufu ya Holder karibu na mwisho, anapotangaza kwa koo lote kwamba siku imefika, si uimbaji; ni ukemi wa mtu mlangoni, na kila mlevi na kila mtoto anaweza kuupiga.

Watu wetu wanaijua siri hii vizuri. Manju wa ngoma hujua kwamba ubeti ni wake lakini kiitikio ni cha duara, na kwamba akikifanya kigumu ili aonyeshe ufundi wake, duara litanyamaza. Slade hawakujifunza hilo kwetu. Walilijifunza kwenye kumbi za wafanyakazi za Walsall na Wolverhampton, ambako watu wa viwandani waliimba pamoja Jumamosi usiku, na anayeimba jukwaani aliye mbali na watu wake alirudishwa nyumbani kwa miluzi.

Sasa tutazame wimbo ulipokutana na nchi yake. Oktoba 1973, kufuatia vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zilizuia mafuta, na bei ikaruka dunia nzima. Dar es Salaam na Nairobi zinaukumbuka msukosuko ule. Uingereza ilipata pigo la pili: wachimbaji wa makaa ya mawe walikataa kufanya kazi za ziada, na umeme ulitegemea makaa yao. Tarehe 13 Desemba, siku sita tu baada ya wimbo kutoka, Waziri Mkuu Edward Heath alitangaza kwamba kuanzia mwaka mpya viwanda na maofisi mengi yatapewa umeme siku tatu tu kwa wiki. Televisheni zikaamriwa kufunga matangazo saa nne na nusu usiku. Mitaa ilikuwa na giza. Hata santuri zenyewe, ambazo malighafi yake hutokana na mafuta, zilikuwa zikipatikana kwa shida.

Katika giza hilo wimbo huu uliwauliza watu maswali ya nyumbani: mmejiandaa? Wageni watalala wapi? Watoto wametundika soksi ukutani? Hautaji mafuta wala migomo, na wakati Holder anaandika maneno hayo hakuna aliyejua Desemba ile itakuwaje. Lakini kibwagizo chake kinamalizika kwa kuwahimiza watu watazame mbele, na katika majuma yale ya mishumaa himizo hilo lilipata uzito ambao mtunzi hakuupima. Wakati ulikutana na wimbo uliokuwa tayari. Oda zilizowekwa kabla haujatoka zilikuwa kama nusu milioni, basi si kweli kwamba giza ndilo lililouza santuri. Jina la Slade lilitosha kuziuza. Giza lilifanya kitu kingine. Liliubandika wimbo kwenye kumbukumbu ya familia nzima zilizokaa chumba kimoja kwa sababu ndicho chenye moto.

Katika beti kuna mtu mmoja ninayempenda kuliko wote: bibi mzee. Anashikilia kwamba nyimbo za kale ndizo bora, lakini muda si muda naye yumo akicheza roki pamoja na wengine. Glam roki ulikuwa muziki wa kuwaudhi wazazi. Bolan na Bowie hawakumwalika bibi wa mtu yeyote. Holder alimwalika. Aliandika karamu ya nyumba ya kawaida, na hakumwacha mtu nje. Sasa angalieni miaka ilivyofanya kazi. Msichana aliyeinunua santuri hiyo akiwa na miaka 15 mwaka 1973 amekaribia miaka 70 leo. Yeye ndiye bibi wa wimbo. Anasema nyimbo za kale ndizo bora, na wimbo wa kale anaousema ni huu. Mjukuu wake anaujua kwa sababu aliusikia sebuleni kwa bibi. Sijui wimbo mwingine wa dansi wa miaka ile ulioacha mahali pa kuzeekea mashabiki wake.

Bendi yenyewe haikubahatika kama wimbo wake. Huo ulikuwa wimbo wao wa sita na wa mwisho kufika nafasi ya kwanza Uingereza. Walikwenda kujaribu bahati Marekani, hawakuipata, na waliporudi mwaka 1977 vijana walikuwa wameshahamia kwenye panki. Mwaka 1980 walialikwa ghafla kwenye tamasha la Reading kuziba pengo la Ozzy Osbourne, wakawainua watu, na maisha yao ya muziki yakafufuka kwa kipindi. Mwaka 1983 bendi ya Marekani, Quiet Riot, iliurudia "Cum On Feel the Noize" na kuufikisha nafasi ya tano kwenye chati za huko, mahali ambapo wenyewe hawakupafikia. Holder aliondoka mwaka 1992. Wakati wote huo wimbo wa Desemba uliendelea na safari yake peke yake: ulirudi kwenye chati kila mwaka kuanzia 1981 hadi 1986, na tangu chati ilipoanza kuhesabu nyimbo zote zinazopakuliwa, mwaka 2007, unaingia kila Desemba bila mtu yeyote kuutangaza. Holder huuita pensheni yake, nami namfurahia kwa hilo, maana si watunzi wengi wa muziki wa watu wanaozeeka wakila jasho lao.

Lipo jambo moja zito ambalo sitaki kulikwepa. Si kila wimbo wa sherehe wa glam roki umedumu. Wimbo wa Gary Glitter "Rock and Roll Part 2", wa mwaka 1972, nao ulikuwa kishindo na kelele ya umati tu, na kwa miaka mingi ulitikisa viwanja vya michezo vya Marekani. Ukifuata hoja yangu ya kiitikio peke yake, ungepaswa kuwa hai leo. Lakini mwenye wimbo alipatikana na hatia ya makosa mabaya dhidi ya watoto, Vietnam mwaka 2006 na tena London mwaka 2015, na watu wameuacha. Wamefanya vyema. Kuimba pamoja kunataka kumwamini aliyeanzisha, na hasa wimbo ambao watoto wanauimba pamoja na wazazi wao. Wale wanne wa Slade, pamoja na ugomvi wao wa baadaye, hawakuivunja imani hiyo. Basi naongeza sharti la pili kwenye hoja yangu: wimbo uwe na nafasi ya watu, na aliyeifungua nafasi hiyo awe mtu ambaye watu hawaoni aibu kuingia kwake.

Nimeulizwa kabla ya mhadhara huu kama inafaa kutumia jioni nzima kwa wimbo wa kelele wakati kuna tenzi na nyimbo za hekima. Inafaa sana. Wimbo wa hekima hutunzwa na wasomi, vitabu na makumbusho. Wimbo wa sherehe hauna mlinzi ila midomo ya watu, na ukiwa umepita miaka hamsini midomoni mwao bila msaada wa mtu, basi umefaulu mtihani mgumu kuliko wowote tunaoutunga sisi vyuoni.

Habari nyingi nilizowaeleza leo, za korido, harmoniamu na kumbukumbu ya Powell, tunazo kwa sababu watu waliwauliza wanamuziki hawa wangali hai, wakayaandika majibu yao. Wapo Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi wazee waliopiga gita na ngoma katika nyimbo tunazochezea kwenye harusi zetu, na wengi hawajaulizwa na mtu yeyote walizirekodi wapi, kwa siku ngapi, na nani alikuwa akipiga makofi nyuma. Waulizeni mwaka huu.